Nafasi Ukutani

Fundi rangi alikuwa juu ya ngazi tangu saa moja asubuhi, mguu mmoja umekufa ganzi, akifuta kwa chokaa maneno aliyoyaandika mwenyewe, juu ya picha ya familia aliyoichora, miaka kumi na miwili iliyopita: WAWILI WANATOSHA. Herufi zilikuwa sugu. Chokaa ikikauka, zinachungulia tena. Mkewe alishika ngazi chini. Kando ya ukuta huo wa zahanati foleni ya ndoo ilifika barabarani, maana bomba lilikuwa moja, na hata wakati ule lilikuwa hilo hilo.

Bwana Takwimu alishuka garini na chupa yake ya maji. Ndivyo mtaa ulivyomwita mkuu wa ofisi ya uzazi, mtu ambaye hakukosea kamwe kwa kuwa hakukaa na kauli moja.

“Andika kubwa, fundi! ZAENI, TAIFA LIKUE. Na hao watoto wawili kwenye picha wawe wanne.”

Mshauri wake, mama mmoja wa miwani ya jua, alikunja uso. “Wanne? Mkuu, dunia haiongezeki. Maji yenyewe ndiyo haya.”

“Dada, tukipungua nani atafanya kazi? Nani atanunua? Uchumi usipokua unakufa.”

“Ukue mpaka wapi?”

“Mpaka mbele!”

Walibishana kwa raha zao kivulini, watu walioshiba. Hakuna aliyegeuka kuitazama foleni.

Fundi alisubiri wapumue. “Mkuu, na lile suala la nyumba?”

Nyumba za halmashauri sasa zilikuwa za wenye watoto wanne. Yeye alikuwa na wawili, na siku tisa za kuhama.

“Si uongeze, bwana! Bado una nguvu.”

“Mke wangu alifungwa kizazi, mkuu. Ulisema kazi ya ukuta haipewi mtu asiye mfano. Ulimpeleka kwa gari lako.”

“Mimi?” Bwana Takwimu alimgeukia mke wa fundi, akatabasamu. “Shemeji, si ulitia sahihi mwenyewe?”

“Nilitia,” alisema mkewe. “Kalamu ilikuwa yako.”

Mshauri alitazama saa. “Hayo ni mambo binafsi. Sisi tunajadili sera.”

“Maliza ukuta kwanza,” alisema Bwana Takwimu. “Nyumba tutaongea.”

Fundi alimdharau kwa moyo wake wote, na bado alimwita mkuu. “Nafasi ya watoto wanne hakuna, mkuu. Huku dirisha, huku mlango. Ukuta haukui.”

Mshauri akacheka. Bwana Takwimu hakucheka. Aliinamisha kichwa upande, akaipima picha kwa jicho: baba, mama, watoto wawili.

“Huyu mama amejaza sana. Mtoe. Watoto wataenea.”

Mama wa ukutani alikuwa na gauni la kijani na uso wa mkewe akiwa na miaka ishirini na minne, wiki ile ile aliyotoka hospitali kufungwa kizazi. Fundi alimtazama mkewe chini.

“Paka, baba watoto,” mkewe alisema. “Zimebaki siku tisa.”

Akainama, akakoroga chokaa, akampa kopo, kisha akaishika tena ngazi kwa mikono miwili asije akaanguka.

Fundi alianza na macho. Alishuka mdomoni, shingoni, kwenye gauni. Walisubiri chokaa ikauke.

“Rudia,” alisema Bwana Takwimu. “Bado anaonekana.”