Punje Tatu za Njano

Hata leo nikisimulia jambo hili nashikwa na hasira, na sina wa kumkasirikia.

Mwaka wa 1974 nilikuwa nafundisha jenetiki, yaani somo la jinsi viumbe wanavyorithi wazazi wao, katika tawi la chuo kikuu hapa Kisii. Tawi! Darasa moja la mabati nyuma ya kanisa, na wanafunzi wachache, wote walimu wa shule waliokuwa wakitafuta digrii bila kuacha kazi. Maabara hatukuwa nayo. Nilijaribu kufuga nzi wadogo wa matunda ndani ya chupa, wa kufundishia, siafu wakawamaliza. Wakaguzi wa Nairobi walipokuja hawakuficha neno: somo hili la chaki tupu si somo, na wakirudi wasipoonyeshwa kitu cha kushika, wanalifunga. Likifungwa, mtu kama Persis, aliyekuwa akitoka Nyamira kila wiki na mtoto mgongoni, angepata digrii wapi tena?

Basi nikashika jembe. Nyuma ya darasa nikapanda mahindi ya njano na meupe, nikayachavusha mwenyewe kwa mkono, chavua ya njano juu ya meupe, nikayafunika kwa mifuko ya karatasi mpaka wapita njia wakaniuliza kama mahindi yangu yanasikia baridi. Uzao wa kwanza ulitoka njano mtupu. Nikaupanda huo. Uzao wa pili ndio niliokuwa nautaka: ndani ya kila hindi, punje tatu za njano kwa moja nyeupe, maana ule weupe uliojificha kwa mzazi hurudi kwa mtoto. Unaweza kuliona jambo hilo ubaoni mwaka mzima usiliamini. Ukishika hindi lenyewe mkononi unaamini.

Niliyaacha yakaukie shambani, ili Jumatatu wanafunzi wavune na kuhesabu mbele ya wakaguzi. Jumamosi nikaenda Nyamira kuazima lenzi katika shule moja.

Niliporudi alasiri, Alfayo mlinzi alinipokea langoni, meno yote nje. "Mwalimu, leo umebarikiwa! Mama amekuja."

Mama yangu, Mokeira, alikuwa ametoka Birongo na egesangio lake zima, wale akina mama wanaolimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Walikuwa wamesikia kanisani kwamba ninangoja wageni wakubwa na shamba langu ni magugu matupu. Wakaona haya kwa niaba yangu. Sasa palikuwa pamelimwa na kufagiliwa, na hakuna bua hata moja lililosimama.

"Mahindi yako wapi, mama?"

"Kaa kwanza, mwanangu, umechoka."

"Mama! Yako wapi?"

Akanivuta pembeni ili wenzake wasisikie. "Walikuuzia mbegu mbaya," akaninong'oneza. "Kila hindi lilikuwa na njano ndani, kama yale ya msaada, ya mwaka wa njaa. Wageni wa Nairobi wakute mwalimu wa chuo kikuu anakula mahindi ya njaa? Wacha! Tumepukuchua yote, tukachambua punje moja moja tangu asubuhi. Hebu tazama vidole."

Nikavitazama. Vilikuwa vimechubuka.

"Na za njano?"

"Kuku wa mchungaji wameshiba leo. Nyeupe tumesaga."

Ai, Mungu wangu! Nilitaka kupiga ukelele wanisikie mpaka Mosocho. Robo tatu ya somo langu tumboni mwa kuku, na robo iliyobaki ni unga! Lakini ningemgombeza nani pale? Akina mama wameketi kwenye nyasi, migongo inawauma, wananingojea niseme neno. Nikasema asante. Wakaniletea ugali, mweupe pepepe, nikaula wote huku mama akinitazama.

Jumatatu wakaguzi walifika. Niliwaeleza, nikawaonyesha mabua yaliyorundikwa. Mmoja alicheka, akasema hiyo ni hadithi nzuri. Persis akasimama na mtoto wake mgongoni. "Tafadhali, tupeni msimu mmoja tu," akasema. "Tutapanda upya sisi wenyewe." Mkubwa wao akatazama saa. Somo likafungwa palepale, tukiwa bado tumesimama uani.

Persis hakulia. "Pole, Mwalimu," ndivyo alivyoniambia mimi, mimi niliyepaswa kumpa pole. Kisha akaenda kutafuta gari la kurudi Nyamira. Miaka mingi baadaye nilisikia bado anafundisha shule ya msingi.

Mama alikuwa hajarudi Birongo. Nilimkuta nje ya nyumba yangu, amejifunga kitambaa kipya kichwani, ananingoja.

"Wamesemaje?"

Nikakaa kando yake. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, na vile vidole vyake vilikuwa pale juu ya goti.

"Wamesema shamba ni safi, mama. Hawajapata kuona shamba safi namna ile."

Akapiga vigelegele, majirani wakachungulia. "Si unaona? Msimu ujao nitaleta wengine hata zaidi."

"Karibu, mama," nikasema.