Maua ya Jumamosi, Harusi ya Jumapili

Na ijulikane kwa wakubwa na wadogo, kwa walioalikwa na kwa wale watakaojialika wenyewe, kwamba harusi ya Nukta, binti wa mtaa huu, itakuwa harusi ya kufunga mjadala. Ukumbi utapambwa kwa maua meupe toka mlangoni hadi jukwaani. Mwenye wivu aje na miwani ya jua.

Hayo yalitangazwa na Shangazi, aliyekuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa penye bomba la maji, mbele ya majirani wote waliokuja kuchota. Bibi harusi mwenyewe alikuwa nyuma yake akisuuza soksi. Ndiyo kwanza anasikia habari za maua.

"Shangazi," alinong'ona wakiwa njiani kurudi na ndoo zao, "maua gani?"

"Ya harusi yako."

"Nani anayanunua?"

"Mwanangu, unashinda kutwa katikati ya maua kwa yule mpambaji wako, halafu unaniuliza mimi?"

Nukta aliitwa hivyo tangu darasa la kwanza, siku mwalimu alipomtafuta kwenye mstari asimwone. Alikuwa mfupi kweli, lakini kama nukta yoyote, akishatua mahali, wengine hunyamaza. Siku hiyo alinyamaza yeye. Bajeti ya harusi yake ilikuwa nyembamba kiasi cha kupita chini ya mlango. Gauni lilikuwa la kuazima kwa binamu yake, na baada ya kulipunguza urefu, kitambaa kilichobaki kilitosha pazia la jikoni. Mchumba wake, Fundi Saa, alikuwa na kibanda chake mwenyewe na wateja tele, ila wengi wao walipita tu kuuliza ni saa ngapi. Ukumbi waliupata kwa bei ya huruma kwa sababu waliuchukua Jumapili, siku ambayo hakuna anayetaka kucheza mpaka usiku kwa kuwa kesho yake kuna kazi.

Na ulikuwa ukumbi kweli! Kuta za buluu kama ya zahanati, feni moja inayozunguka inapojisikia, na ukutani nyuma ya jukwaa doa la maji lenye umbo la mbuzi aliyekasirika. Nukta alikuwa ameshakubali moyoni kuolewa mbele ya mbuzi. Lakini sasa mtaa mzima ungekuja kutafuta maua meupe, umkute mbuzi. Na atakayechekwa penye bomba mwaka hadi mwaka ni Shangazi, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na ambaye hakuwa na kosa lolote zaidi ya mdomo.

Kwa hiyo aliketi akafikiri, na alipomaliza kufikiri alikwenda kibandani kwa mchumba wake.

"Jumamosi, siku moja kabla yetu, ukumbi ule ule una harusi ya matajiri," alimwambia. "Wateja wetu. Sisi ndio tunaopamba. Na mapambo yote hushushwa Jumatatu asubuhi, kwa sababu Jumapili Bosi hafanyi kazi wala hapokei simu."

Fundi Saa aliinua kichwa. Kile kioo chake cha kukuzia kilikuwa bado kwenye jicho moja, kwa hiyo alionekana kashtuka upande mmoja tu.

"Kwa hiyo tunaiba."

"Hatuibi. Tunasimama karibu."

"Bosi wako akijua?"

"Atanitoza au atanifukuza. Inategemea ameamkaje."

"Na wenyewe wakitukuta?"

"Watatukuta tumeshaoana. Watatufanya nini, watuachanishe?"

Fundi Saa alirudi kwenye saa yake. Alikuwa mtu mkweli sana, hata kuambiwa chai ni tamu wakati si tamu kulimpa shida. Lakini alikuwa amemwona mbuzi.

Mpango huo ulikuwa na ubovu mmoja tu, nao uliingia dukani kwa Bosi wiki ile ile ukiwa na mkoba mkubwa. Alikuwa mama wa bibi harusi wa Jumamosi. Mumewe alikodisha matingatinga, lakini aliyeyasimamia ni yeye, na jina lilimganda: Mama Tingatinga. Nyuma yake alikuja binti yake, msichana mrefu aliyeinama mlangoni bila kutazama juu, kama mtu aliyezoea kuinamia milango yote ya dunia. Dukani walimpa jina la Mlingoti hata kabla hajakaa.

"Nataka zambarau," alisema Mama Tingatinga. "Zambarau na dhahabu. Na taa za kuwakawaka. Na wale mabata wa plastiki wanaotikisa shingo, wawili kila meza."

Bosi alikuwa chumba cha nyuma akigombana na mashine ya kupulizia maputo. Nukta alibaki na kalamu mkononi. Alijiona kwa uwazi kabisa akila kiapo cha ndoa katikati ya mabata.

"Zambarau ni chaguo la heshima sana, mama," alisema kwa sauti ya mtu anayesoma risala. "Juzi tu ilimpendeza yule mama wa malori."

Mama Tingatinga aliweka mkoba chini taratibu. Kati ya matingatinga na malori palikuwa na uadui wa siku nyingi.

"Yule alitumia zambarau?"

"Toka juu mpaka chini."

"Futa zambarau."

Mama wa malori hakuwahi kukanyaga duka lile, lakini hilo halikuwa limeulizwa.

"Dhahabu nayo ni nzuri," Nukta aliendelea kwa unyenyekevu. "Ila kwenye picha huwatoa watu kama wana homa ya manjano. Hasa mama mzazi, maana ndiye anayekaa mbele."

"Futa!"

"Na mabata?"

"Mabata wana nini?"

"Hawana neno, mama. Ni mara moja tu, baba wa bibi harusi alikuwa anahutubia, bata mmoja akakwama akawa anatikisa kichwa. Baba akisema hili, bata anakataa. Akisema lile, anakataa. Mwishowe wageni wakawa wanamsikiliza bata."

Mama Tingatinga alimfikiria mumewe, mtu aliyepingwa vya kutosha nyumbani. Mabata walifutwa. Taa nazo zilifutwa, kwa ajili ya macho ya wazee.

"Sasa tumebaki na nini?"

"Nyeupe tu, na majani mabichi. Mapambo ya watu wasio na haja ya kupiga kelele."

"Umesikia?" Mama Tingatinga alimgeukia binti yake, na madirisha yakatetemeka. "HATUNA HAJA YA KUPIGA KELELE!"

Mlingoti hakuwa anamtazama mama yake. Alikuwa anamtazama Nukta, kichwa kimeinama upande, kama anayeanza kunusa kuna jambo linapikwa.

Siku zilizofuata Nukta alifanya kazi ambayo haijawahi kuonekana dukani. Alikwenda kwa miguu asubuhi ili abane nauli, akafika kabla ya Bosi, akapiga pasi vitambaa mpaka vikawa kama maji. Kila ua la bandia alilikunjua petali moja moja. Mchana alikula mhogo wa kuchemsha alioubeba kutoka nyumbani, huku jicho lake likiwa kwenye riboni. Jioni alimsikiliza Shangazi akiwaongezea majirani maua: juzi yalikuwa ya jukwaani, jana yakafika vyooni.

"Siku hizi unafanya kazi kama unalipwa," Bosi alimwambia.

"Naipenda harusi hii, Bosi."

Hapo, angalau, alisema kweli tupu.

Ijumaa walihamia ukumbini. Kijana mmoja wa kubeba vitu aliumwa mgongo, na Nukta akamleta Fundi Saa kushika nafasi yake. Fundi Saa alibeba mikunjo ya vitambaa kimya kimya na kukwepa kumtazama mtu yeyote usoni. Kufikia mchana, buluu ya zahanati ilikuwa imetoweka. Vitambaa vyeupe vilishuka kutoka darini, majani yalipanda nguzo, na mbuzi alifunikwa pembe na yote. Mbele kabisa lilisimama tao la maua ambalo maharusi wangesimama chini yake.

Tao lile lilikuwa la mabomba mawili yanayoingiana na kukazwa kwa skrubu, ili lipande au lishuke kulingana na urefu wa maharusi. Nukta alikuwa na njia yake ya kulipima. Husimama chini yake, akanyoosha mkono juu, ncha za vidole ziguse maua. Kisha humtazama mteja ni mrefu kiasi gani kumshinda, akapandisha. Kazi hiyo aliifanya kila Ijumaa. Ijumaa hii alisimama, akanyoosha mkono, vidole vikagusa waridi jeupe, akafumba macho kidogo. Alimwona Shangazi kiti cha mbele, amekunja nne kama aliyezinunua pande zote za ukumbi. Alifumbua macho, akakaza skrubu kwa nguvu zake zote, akaenda kupanga viti.

Mama Tingatinga alikuja na binti yake kufanya majaribio ya kuingia. Mlingoti alikuwa ameshasukwa, nywele zimejengwa kwenda juu kama kichuguu. Alitembea polepole kati ya viti, kidevu juu kama alivyofundishwa, akaingia chini ya tao.

Yaani, aliingia mpaka shingoni. Kichwa kilibaki ndani ya maua.

"Mama," sauti ilitoka katikati ya waridi, "nimenasa."

Ilichukua ngazi, koleo na uvumilivu kumtoa. Kichuguu kilitoka kikiwa na majani, na Bosi akawa mweupe kuliko vitambaa.

"Nani amelipima hili tao?" Mama Tingatinga aliuliza.

Kila mtu alimtazama Nukta. Nukta alilitazama tao; alikuwa amesahau kulipandisha.

"Njoo hapa," alisema Mama Tingatinga. "Simama."

Nukta alisimama. Maua yalimkaa juu ya kichwa vizuri sana, kama vile mtu kamchorea.

"Mh. Na wewe kijana unayejificha nyuma ya kitambaa. Simama naye."

Fundi Saa alitoka. Walisimama bega kwa bega, nadhifu kama vikombe viwili kabatini. Hata Bosi alianza kuelewa.

"Wewe unaolewa lini, binti?"

Nukta alifungua mdomo aseme mwakani. Lakini Fundi Saa alikuwa wa kwanza.

"Keshokutwa," alisema. "Saa tisa. Hapa hapa."

Mlingoti, mwenye jani sikioni, alianza kucheka, kicheko kilichoonekana kungoja tangu siku ile dukani. Mama yake hakucheka.

"Kwa hiyo zambarau?"

"Mama wa malori hata hatumjui," alisema Nukta.

"Homa ya manjano?"

"Niliitunga."

"Na bata?"

"Bata pia, mama. Shangazi yangu alikwishatangaza maua kwa mtaa mzima, na mimi sina hata moja. Nikaona nikushauri yale ninayoyataka mimi. Nisamehe."

"Umefukuzwa!" Bosi alipata sauti yake.

"Subiri wewe," alisema Mama Tingatinga. Alizunguka ukumbi mzima, akavuta kitambaa hapa, akagusa jani pale, akasimama mbele ya binti yake. "Unayapenda?"

"Ndiyo mara ya kwanza napenda kitu ulichonunua, mama."

Mama Tingatinga aliguna. Kisha akarudi kwenye tao.

"Sikilizeni. Mimi chombo nilichokilipia hakilali Jumapili. Kama ni tingatinga, lingekuwa barabarani saa kumi na mbili asubuhi. Utapandisha hili tao kwa ajili ya mwanangu. Jumamosi usiku utalishusha mwenyewe. Na wewe, Bosi, hufukuzi mtu, maana nani mwingine ataniuzia nyeupe? Huyo Shangazi nataka nimwone kwa macho yangu. Tumeelewana?"

Nukta aliitikia kwa kichwa, machozi yamemjaa.

"Lakini kwanza maliza kukiri. Kuna lingine?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema hakuna. Fundi Saa alimtazama Nukta. Nukta alitazama sakafu.

"Keki yenu," alisema kwa sauti ndogo. "Mwokaji alipopiga simu dukani kuuliza ile ngazi ya chini iwe na ukubwa gani, nilimwambia aifanye kubwa kabisa. Huwa haimalizwi Jumamosi."