Kipimo cha Kumi na Tisa

Vumbi lilikaa kando ya noti moja ya besi, nami nikalifuta kwa kidole gumba. Halikuwa vumbi. Ilikuwa alama yako ya kushusha sauti, lae, shemeji uliyetutoka, ya penseli, na wimbo wako huo hauna karatasi nyingine duniani.

Nilijua si vumbi. Naanza na hilo, maana wewe hukupenda kuzungushwa.

Tiur, mwanao, aliileta karatasi hapa Balige, dukani kwangu, ninapochapa noti za kwaya. "Tulang," akaniambia mimi mjomba wake, "mwalimu wa muziki wa Medan anataka namba za Kirumi chini ya kila fungu la sauti. Namba kubwa kwa yanayong'aa, ndogo kwa yenye huzuni. Asipoziona, ananiangusha mtihani."

Niliacha shule darasa la tano. Lakini namba za Kirumi nazijua, na masikio ninayo. Kwenye kompyuta nikabofya noti, nikaandika moja. Ikashuka, ikakaa chini ya mistari kama kuku chini ya meza. Nikaandika nne, nikaandika tano. Zikakaa. Miaka thelathini tumeimba besi, wewe na mimi, kwenye kibanda cha pombe ya tuak, na hatukujua kwamba tunatembea juu ya namba.

Nikafika kipimo cha kumi na tisa, kile kipande kati ya mistari miwili ya wima. Pale besi yako inashuka nusu hatua, inawaacha wenzake juu, na hakuna namba inayoikubali. Nilijaribu sita. Nilijaribu tatu. Nilijaribu mpaka kahawa ikapoa. Kisha nikakitazama kile kidoa chembamba cha penseli, nikajiambia, vumbi.

Nikafuta. Nikaandika tatu ndogo. Namba ilikaa. Wimbo haukukaa.

Jumamosi kwaya ikaimba kutoka karatasi zangu mpya. Sauti zikapita kipimo cha kumi na tisa laini, kama gari kwenye lami, na mjane wako, dada yangu, akanyamaza katikati ya neno. Wengine wakanyamaza mmoja mmoja.

"Ito," akaniita kaka mbele ya watu, "nani amemvisha mume wangu viatu?"

Watu wakacheka. Uliishi miguu peku, kila mtu anajua. Yeye hakucheka.

"Mashine," nikasema.

"Mashine haikumjua. Wewe ulimjua. Haya, imba."

Akashika sauti yake ya pili, peke yake, akaniachia shimo chini. Nikashuka, nikakosa. Nikashuka tena, nikakosa. Mara ya tatu niliacha kutafuta noti. Nilikukumbuka tu ukifika pale, kidevu kifuani, macho umeyafumba, kama mtu anayeingia maji ya ziwa asubuhi. Nikaingia nawe. 

"Huyo," dada yangu akasema.

Namba haikukaa. Wimbo ulikaa.

Nikamweleza Tiur yote, kidole gumba pia. Akajibu: "Basi paache wazi, bila namba, Tulang. Mwalimu anikate maksi."

Nimechonga penseli, nimeirudisha alama mahali pake. Unga wake mweusi umebaki juu ya karatasi, unameta kidogo dirishani. Huo siufuti.

Imegharimu hivi: karatasi thelathini na mbili za kwaya. Jumamosi mbili, ya kukosea na ya kurudia. Maksi sita za mwanao. Na mkwaruzo mmoja wa penseli wa mkono wako, lae. Uliopo sasa ni wa mkono wangu.