Sekunde Tisa za Utepe

Jumanne ndiyo siku ambayo gari la mizigo hushusha vitu kwenye duka la vyombo vilivyotumika, na kila Jumanne Fundi Sindano alikuwa mlangoni kabla dada wa kaunta hajafungua kufuli. Hakuwa peke yake. Alikuwepo pia jamaa mmoja mrefu, mwenye kofia ya sufi hata jua likiwaka, ambaye Sindano hakuwahi kumuuliza jina kwa sababu hakutaka kuishia kumpenda. Alimwita Kofia, basi. Kwa miaka saba walisalimiana kwa kutikisa vichwa, kisha mlango ukifunguka wanaingia bega kwa bega, kila mmoja akijifanya hana haraka.

Jina la Sindano alilipata kutokana na kibiriti alichobeba kwenye mfuko wa shati. Ndani yake, juu ya kipande cha pamba, ililala sindano ya gramafoni, tayari kwa kujaribia santuri popote atakapoikuta. Mkewe alikuwa akisema ipo siku itamchoma moyo na hakuna jirani atakayeshangaa.

Kazi yake aliijua. Santuri aliiinamisha kwenye mwanga wa dirisha na kuipitishia ukucha. Mkwaruzo usiokamata ukucha alikuwa akiusamehe, ukikamata, santuri aliirudisha kwenye kreti bila huruma. Kikuza sauti alikinusa mgongoni, na kikitoa harufu ya kuungua hakukigusa tena. Jumanne ile santuri zilikuwa bure kabisa: masomo ya lugha, na hotuba za watu ambao hata wajukuu zao wamewasahau. Alikuwa ameshaanza kununa alipoona pembe ya mbao ikichungulia chini ya blanketi, kati ya feni mbovu na kitanda cha mtoto.

Akalifunua blanketi. Kilikuwa kinasa sauti cha magurudumu mawili ya utepe, kikubwa kama sanduku la safari, mbao zake hazijabanduka, maikrofoni yake imefungwa kwa waya pembeni, na utepe ukiwa bado umepitishwa kwenye njia yake. Chombo cha namna hiyo alikitafuta kwa miaka.

Sasa, Sindano alikuwa na sharti moja ambalo aliwahubiria mafundi wenzake mpaka wakamkimbia: usirekodi kamwe juu ya utepe wa mtu kabla hujausikiliza. Ndiyo maana alitembea na utepe wake wa majaribio. Lakini utepe huo ulikuwa ndani ya begi, na mabegi dukani huachwa kaunta. Na Kofia alikuwa hatua mbili nyuma yake, anahema. Desturi ya pale ni kwamba aliyeshika chombo ndiye mwenyewe. Ukikiacha hata kwa kwenda kupiga chafya, umekiachia mwenzako.

Basi alichomeka waya ukutani, akabonyeza kitufe chekundu pamoja na cha kuchezea, akasogeza maikrofoni mdomoni.

"Moja, mbili, tatu. Jaribio."

"Kinafanya kazi hicho?" Kofia akauliza nyuma ya sikio lake.

Akarudisha, akasikiliza. Sauti zao wote wawili zilitoka safi kama maji. Sekunde tisa tu, wala hazikumpita kichwani tena. Alikibeba chombo mpaka nyumbani akipiga mluzi.

Alhamisi dada wa kaunta akampigia simu.

"Fundi, kile chombo cha Jumanne hujakiuza?"

"Nakiuzaje, bado sijakifuta vumbi."

"Afadhali. Kuna mama mmoja hapa na binti yake. Binti alikileta kwa makosa, alikuwa anahamisha vitu vya mama yake. Wanacho chombo kingine, hicho ubaki nacho, wao wanataka utepe tu. Una sauti ya marehemu mume wake. Utepe upo?"

"Upo," akasema Sindano. Na kweli ulikuwepo.

Akaiweka simu chini. Alifunga mlango wa karakana, akaurudisha utepe mwanzo kabisa, akabonyeza. Zilikuja kelele za sufuria na mvua juu ya bati, kisha sauti nzito ya mwanamume, yenye kicheko kwa ndani. "Inazunguka? Eh, inazunguka. Haya. Leo nasi tumepata chombo. Anayesema hapa ni mimi, mwenye nyumba, na nje mvua inanyesha." Kisha tak! "Moja, mbili, tatu. Jaribio." "Kinafanya kazi hicho?" Tak! Na papo hapo mwanamke kijana, kwa haya: "Niseme nini mimi?" Wakacheka wote wawili, na mvua ikaendelea kunyesha mpaka mwisho wa utepe.

Aliusikiliza mara nne. Kwa mara ya kwanza maishani aliichukia sauti yake mwenyewe.

Alishika simu awaambie ukweli, akaiweka. Akaishika tena, akaiweka. Ukweli utamsaidia nani, akajiuliza, na hilo ni swali ambalo mtu hujiuliza akiwa ameshatoa wembe kwenye droo. Ijumaa mchana alikata utepe kwa mshazari mahali pawili, akatoa kipande chenye urefu wa fimbo ya kutembelea, akaunga ncha zilizobaki kwa karatasi nyeupe ya gundi. Akasikiliza. "Na nje mvua inanyesha." Pumzi. "Niseme nini mimi?" Maneno yalikaa pamoja kama yalizaliwa hivyo. Jasho jembamba lilikuwa likimtoka, lakini nisiwafiche, alijisikia fahari kidogo. Kile kipande alikizungusha kidoleni na kukitia kwenye kibiriti, juu ya sindano. Kwa nini hakukitupa, hata mwenyewe hakujua.

Jumamosi asubuhi wakaja. Mama alikuwa mtu mzima sana, mkoba wake ameushika kwa mikono miwili. Binti naye alikuwa mama wa watu tayari, uso umejaa uchovu. Sindano aliwakaribisha kwenye viti viwili alivyovifuta mara tatu, akawapa chai. Karakana nzima ilikuwa na kijiko kimoja. Binti alimkorogea mama yake, akakoroga chake, akampa Sindano, naye akakipangusa kwenye aproni kabla ya kukitumia. Mama alikifuata kijiko kile kwa macho kikihama mkono hadi mkono, akakunja uso kidogo, kisha akaacha.

"Usishangae akirudia maneno," binti akamnong'oneza Sindano. "Majina yanamtoka siku hizi. Mwezi uliopita alisahau hata langu."

"Nasahau, sijawa kiziwi," mama akasema. Akamgeukia Sindano. "Mwanangu, baba yao alikuwa na jina aliloniitia tukiwa wawili tu. Hata watoto hawalijui. Nalo limeanza kuniponyoka. Linapotea siku mbili, siku tatu, basi naweka utepe, ananiita, nalipata tena. Safari hii limepotea tangu nihame. Ndiyo maana nimekusumbua."

Sindano aliyasikia tena kichwani yale maneno ya utepe. Niseme nini mimi. Mtu hasemi hivyo mpaka awe ameitwa. Alikuwa ameusikiliza utepe ule mara ngapi sijui, na masikio yake yote ya kujivunia hayakumwambia jambo dogo kama hilo.

"Weka basi, fundi," binti akasema.

Alibonyeza kwa sababu mkono haukujua la kufanya zaidi. Zikaja sufuria, ikaja mvua. Mama alifumba macho na midomo yake ikaanza kwenda pamoja na sauti ya mumewe, neno kwa neno. Inazunguka? Eh, inazunguka. Sindano alitazama mshono mweupe ukitoka kwenye gurudumu la kushoto, ukisogea taratibu. Na nje mvua inanyesha. Mshono ukapita. "Niseme nini mimi?"

Midomo ya mama ilibaki wazi. Akafumbua macho.

"Rudisha."

Akarudisha. Ikawa vilevile.

"Mbona najibu," mama akauliza polepole, "na hakuna aliyeniita?"

Binti alimshika mkono. "Mama, labda ndivyo ilivyokuwa siku zote. Unajua siku hizi unachanganya."

"Ananiita hapo. Kabla sijajibu."

"Utepe hauwezi kusahau, mama. Mashine haisahau."

Mama alikitazama chombo, akamtazama binti yake, kisha akayashusha macho kwenye mkoba. "Labda," akasema. "Labda hakuniita. Labda nimejitungia tu."

Hilo Sindano hakuliweza. Kufuta sauti ya marehemu alikuwa ameshajizoeza kuishi nako kwa siku mbili. Lakini hapa mbele yake mwanamke mzima alikuwa akikabidhi kilichobaki cha akili yake kwa sababu ya mshono mzuri. Alitoa kibiriti mfukoni na kukiweka mezani.

"Alikuita, mama. Mimi ndiye niliyefuta. Nilikuwa najaribu chombo pale dukani, nikarekodi juu yake. Kisha nikakata, ili usijue."

Binti alisimama na kiti kikaanguka nyuma yake. "Umekata? Na umeniacha hapa namwambia mama yangu kichwa chake ndicho kibovu?"

"Kaa," mama akamwambia. Kwa Sindano akasema, "Kiweke hicho kipande."

Alikosea njia ya utepe mara mbili. "Moja, mbili, tatu. Jaribio." "Kinafanya kazi hicho?"

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na huyu mwingine ni nani?"

"Mtu wa dukani. Simjui jina."

Mama alitikisa kichwa. "Kufuta ni bahati mbaya," akasema. "Kukata, ulikaa chini ukakata."

Mama alifumba tena macho na midomo ikaanza kutafuta. Ilijikunja, ikaachia, ikajikunja tena. Dakika ikapita. Binti alikuwa analia bila sauti. Sindano aliomba kimoyomoyo, yeye ambaye huomba umeme usikatike tu, kwamba neno lile lirudi, maana lisiporudi sasa basi limekufa na muuaji anajulikana. Mama akafumbua macho, patupu. Akaunyosha mkono kwenye kikombe chake, akatazama ndani, akatazama kikombe cha binti, kisha kijiko kilicholala mbele ya Sindano.

"Tulikuwa nacho kimoja," akasema. "Nyumba nzima. Yeye anakoroga, ananipa mimi, mimi namrudishia." Akakivuta kile kijiko mpaka kwake. "Kijiko. Aliniita Kijiko."

Sindano alivuta kalamu haraka. "Niandike? Au nirekodi, mama, useme mwenyewe hapa..."

"Mashine zako nimezichoka. Nikiliona limeandikwa nitalisoma kama orodha ya sokoni. Nataka niitwe." Alimtazama bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. "Wewe ndiye uliyelifuta. Utakuja kwa binti yangu kila Jumanne asubuhi, usimame mlangoni, uniite."

"Mama, nitakuitaje hivyo mimi, mtu mzima kama wewe, jina alilokuitia mumeo? Ni aibu."

"Ndiyo, ni aibu," mama akasema. "Jumanne."

Alitaka kumwambia kwamba Jumanne ndiyo siku ya gari la mizigo. Akaliacha.

Jumanne ya tisa Sindano alipita mbele ya duka, gari la mizigo likiwa limefunguliwa nyuma. Kofia alikuwa ameinamia kreti peke yake, anazipekua santuri bila wasiwasi. Alimwona Sindano akapunga mkono, na safari hii Sindano alisimama.

"Hivi wewe unaitwa nani?" akauliza. Akaambiwa, akashukuru, akaenda zake.

Binti alimfungulia mlango bila tabasamu, akampisha. Mama alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Aligeuka akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, kwa adabu, kama anavyotazamwa mtu aliyekosea nyumba. Asubuhi ile mama hakumtambua hata binti yake. Sindano alishusha macho sakafuni. Aibu haikuwa imepungua hata kidogo kwa Jumanne zote tisa.

"Kijiko," akaita.

Kisha kutoka dirishani ikaja sauti yenye haya, ambayo Sindano aliijua kwa kila pumzi yake.

"Niseme nini mimi?"