Sitini kwenye Shavu la Mguu

…umri, mama, anauliza tena huyu binti wa kalamu, amepiga magoti nyuma yangu kwenye nyasi zenye umande, ameshika mguu wangu kama fundi anayepima suruali, aniandike umri kwenye shavu la mguu, na jibu ninalo, si swali gumu, hata mlevi huulizwa umri akajibu, ila ulimi umekaa mdomoni kama mgeni asiyejua aketi wapi, umri wa mashindano, anafafanua, ule utakaokuwa nao siku ya mwisho wa mwaka, ndiyo mwanangu, kanuni naijua, niliijua kabla hujaota meno, hapa kila mtu huhesabiwa umri wa Desemba hata kama tuko mwezi wa pili, unavalishwa mwaka ambao bado haujakufikia, na ndiyo maana pacha wangu aliandikwa sitini na sitini yenyewe hakuiona… yeye alizaliwa dakika chache kabla mwaka haujaisha, mimi dakika chache baada ya mwingine kuanza, tumbo moja, mkunga mmoja, vyeti vya miaka miwili tofauti, mama aliapa mpaka anazeeka kwamba saa ya ukutani ya wodi ile ilikuwa mbele, ilikuwa inakimbia wanangu, inakimbia kama inadaiwa, nyote ni wa mwaka mmoja, lakini nani atamsikiliza mwanamke mwenye uchungu akibishana na saa, na sisi tulicheka, haikuwa na maana yoyote mpaka tulipoingia kwenye mchezo huu wa wendawazimu wa kuogelea ziwa, kupanda baiskeli, kisha kukimbia kana kwamba hayo mawili hayakutosha, mchezo unaowakata watu marika ya miaka mitano mitano, hamsini na tano mpaka hamsini na tisa, sitini mpaka sitini na nne, basi miaka minne tulikuwa rika moja naye akinishinda, wa tano anavuka peke yake, anaingia rika jipya akiwa ndiye mtoto wao, anaondoka na medali, mimi nabaki ng'ambo hii, ajuza wa kundi, nafukuzana na wanawake ambao magoti yao bado yanawatii, mwaka jana nikawa wa sita, na kwa muda ule ule, miguu ile ile, mapafu yale yale, kule kwake ningekuwa wa pili, nilichopungukiwa ni dakika za mkunga… mdogo wangu, umesahau umri au unaona haya, hiyo ni sauti ya Nesi, yuko nyuma yangu kwenye foleni, amestaafu unesi lakini sauti ya wodi haijastaafu, ana sitini na nne, kofia ya kuogelea imembana mpaka nyusi zimepanda, mwaka jana nilipigwa na dada yako, anasema, mwaka huu umekuja wewe, nyie tumbo lenu lilikuwa na kiwanda, haya nipigeni, mwakani natimiza sitini na tano, nahamia kule nikiwa kitoto kichanga, tusijuane, na foleni nzima inacheka, nami nacheka, maana ni kweli, ni hapa tu wanawake wanaombea wazeeke haraka, ofisini kwangu, kwenye bima, mtu akitimiza sitini tunamhamisha safu na kumpandishia malipo naye analia, huku anahamishwa safu na kushangilia… nafasi ni moja kwa rika letu, moja tu, ya kwenda mashindano ya dunia, na ni mwaka huu au basi, huu ndio mwaka ambao mimi ndiye mdogo, kila mwaka ujao wataingia wengine wapya nami nitazidi kuchakaa, hesabu hiyo nimeila mshahara maisha yangu yote, hainidanganyi, na pacha wangu aliipata nafasi hiyo mwaka jana, akaanguka wiki ile ile kwenye kliniki yake ya meno, katikati ya wagonjwa wawili, mmoja bado ameachama kitini, na hospitalini muuguzi kijana aliinua shuka miguuni akaniuliza, hii sitini ni alama ya nani, ni daktari ameandika, nikasema ni umri wake, akasema mbona faili linasema hamsini na tisa, nikaomba spiriti na pamba nikasugua, nikasugua mpaka ngozi ikawa nyekundu, wino huu hautoki, hutoka kidogo kidogo na ngozi yenyewe, na yeye hakuwa na muda huo, akaondoka nayo, na waombolezaji wakanipigapiga mgongoni, ametangulia tu, ametangulia, kama vile hiyo ilikuwa habari mpya kwangu… na asubuhi hii nilipoingia majini kupasha mwili nikayaona mapovu, meupe, mbele yangu, mawili mawili kama yalivyokuwa yakitoka kwenye miguu ya pacha wangu, nikayafuata, kwa sababu mimi sijui kuogelea bila visigino mbele yangu, sijawahi, nikanyoosha mkono niguse, maji, nikainua kichwa, hapakuwa na mtu, nikatoka natetemeka, Nesi akasema baridi hiyo, nikasema baridi, na tangu pale ninatunga uongo, tumbo linaniuma, nyonga imekaza, chukueni namba yenu nirudi kitandani… mama, wino unakauka, anasema binti, subiri kidogo mwanangu, subiri, maana mguu wa pacha wangu naujua kuliko uso wake, tarakimu zikipanda na kushuka mlimani juu ya baiskeli, hamsini na moja, hamsini na mbili, kovu la utotoni chini yake, huandikwa nyuma ili anayekufuata ajue anamfukuza nani, mwenyewe hawezi kuisoma, na kila mara tukimaliza, hata kabla ya maji ya kunywa, alikuwa akiniuliza, leo uliniona? uliniona? nami nikadhani ananikoga, nikamjibu nitakuonaje na wewe umeshafika, akacheka kidogo, akauliza tena mashindano yaliyofuata, miaka yote hiyo, na mimi na shahada zangu mbili sikuwahi kujiuliza mtu wa mbele anaona nini… anaona maji… maji ya rangi ya chuma na hakuna kisigino, alikuwa na hofu, Mungu wangu, hakuwa akijisifu, alikuwa akiuliza kama nilikuwepo… nilikuwepo, nilikuona, kila mara nilikuona… sitini, nasema, sitini mwanangu, andika kubwa, huyu nyuma yangu miwani yake ameiacha nyumbani, na Nesi anaivuta kofia yake, anasema wewe tangulia tu, nitakuona, na binti anaitikisa kalamu tena, bado amepiga magoti, bado ameshika mguu wangu, na wino unagusa, baridi, mahali ambapo mimi siwezi kuona