Debe la Ignas

Valeria alijifunga madebe mawili kiunoni, moja lake, moja la mwanawe, akaingia kwenye mibuni kabla umande haujakauka. Wenzake walimtazama, wakaendelea kuchuma. Mwaka ule wa themanini na sita kahawa ya shamba la Ganako iliiva yote kwa pamoja, na msimu ukiwa hivyo sheria ya kambi ni moja: kila anayelala chumbani afikishe debe lake mzanini; akikosa hata mmoja, chumba anapewa mwenye nguvu.

Ignas alikuwa chumbani, amelala chali kama alivyoagizwa. Mwezi uliopita madaktari wageni walikuja hospitali kubwa mjini na mashine yao ya moyo. Wakampitishia mpira mwembamba kutoka kwenye paja mpaka moyoni, waione ile mishipa iliyokuwa ikimbana kifua. Wakubwa wa serikali walikuwepo, wakapiga naye picha. Ncha ya mpira ikauchana mshipa mkuu kwa ndani.

"Ganda la ndani la mshipa limechanika," daktari kijana, Mtanzania, alimwambia Valeria kwenye korido. "Alale, ameze dawa ya kushusha presha, tumwangalie tena. Ukizidi kuchanika, apasuliwe."

"Nani atampasua, baba?"

Daktari akatazama viatu vyake. "Wageni wamesharudi kwao, mama."

Kesho yake kitanda kilitakiwa na shemeji wa mkubwa mmoja. Ignas akapewa ruhusa, vidonge vichache, na onyo: asinyanyue hata ndoo ya maji. Vidonge vikaisha. Zahanati ikasema dawa hiyo haijaletwa tangu Pasaka.

Adhuhuri madebe yote yalikuwa yamejaa. Valeria akayafikisha mzanini, moja kichwani, jingine akiliburuza. Nyapara Raphaeli akacheka.

"Mama Ignas, siku hizi una mikono minne?"

"Hili la mwanangu. Nimembebea tu."

"Kila mtu na debe lake, mkononi mwake. Nikikupokelea wewe, kesho watataka niwapimie na marehemu."

"Wamemuumiza mshipa wa moyo, Bwana Raphaeli. Daktari kasema asinyanyue kitu."

"Huyo daktari ndiye aliyekupa chumba?"

Kwenye foleni watu wakacheka, si sana.

"Mwite," Raphaeli akasema. "Alitoe hapo chini aliweke hapa juu, basi. Kwani tutamuua?"

Pembeni mwa kambi godoro la jirani aliyefukuzwa juzi lilikuwa bado liko nje, limelowa mvua ya jana. Valeria akalitazama. Kisha akaenda, mwenyewe, kumwita mwanawe.

"Polepole, baba," alimnong'oneza njia nzima. "Usikaze pumzi."

Ignas akainama, akalibeba debe, akalitua kwenye mzani. Hata akatabasamu. Halafu akapeleka mkono mgongoni, katikati ya mabega, kama mtu aliyechomwa kisu na asiyemwona aliyemchoma.

"Mama, kuna kitu..."

Valeria alimdaka kichwa kabla hakijagonga ardhi. Akamwita. Akamwita tena.

Raphaeli alikuwa bado anatazama mshale wa mzani. Ulipotulia akavua kofia.

"Limefika," alisema kwa sauti ya chini. "Chumba mnacho, mama."

Nyuma yao foleni ikasogea.