Mkono wa Vendel

Ukuta wa jikoni kwa Mama Borcsa ulikuwa mweusi kwa masizi, isipokuwa mahali pamoja palipobaki umbo jeupe, nene chini, jembamba juu. Hapo ndipo ilipotundikwa tekero ya mwanawe Vendel, ala ya kisanduku ambayo gurudumu lake huzungushwa kwa mkono likazikwaruza nyuzi. Wanajeshi waliichoma wapate kuota moto. Vendel mwenyewe alikwenda vitani asirudi.

Mkewe, Rozália, alilipima lile umbo kwa kamba, akaanza kuunda nyingine. Baba yake alikuwa fundi wa magurudumu, kwa hiyo patasi haikumtisha. Nyuzi alizisokota kwa utumbo wa kondoo, gurudumu akalichonga kwa mbao ya mpeasi, akalisugua mpaka likazunguka bila kigugumizi.

"Hilo la mkokoteni?" Mama Borcsa alimchokoza. "Farasi utamfunga upande gani?"

"Nitakufunga wewe, mama. Mateke unayajua."

Walicheka, lakini makubaliano yao hayakuwa ya kuchekesha. Kasisi hakutaka kumwozesha Rozália kwa Gergely, mpiga klarineti, kabla Vendel hajasomewa misa ya marehemu. Na mama hakukubali misa ya marehemu isomwe kwa mwanawe.

"Tekero ilie humu ndani kwa mkono mwingine," alikuwa amesema, "nijue nyumba imemwachilia. Hapo nitakwenda kwa kasisi kwa miguu yangu."

Jumapili, baada ya supu, Rozália akaipakata. Chini ya uzi mmoja palikuwa na kijiti kisichogundishwa. Mkono unaozungusha ukistuka, kijiti hukoroma, na wacheza ngoma hupata pa kukanyaga. Vendel aliwahi kuvunjwa kifundo cha mkono na farasi. Tangu hapo alistua mara tatu, ya nne akairuka. Arusini watu walimtambua kabla hawajamwona.

Rozália akazungusha. Krr, krr, krr. Kimya. Krr, krr, krr. Kimya.

Mama akaweka kijiko chini. "Huyo."

"Ni mimi, mama. Nitazame."

"Nakutazama wewe, namsikia yeye. Misa ya nini tena?"

Rozália akaanza upya, akakaza meno, akaukusudia ule mstuko wa nne. Mkono ukakataa, kama uliokamatwa na mtu. Jasho likamtoka. Akilini akamwona Gergely akichoka kungoja, akiondoka zake na klarineti kwapani.

Akamwekea mama ala mapajani. "Basi zungusha wewe!"

Mkono wa kikongwe ukazunguka polepole. Sauti ikatoka moja, ndefu, bila kukoroma hata kidogo. Mama akasikiliza hadi machozi yakamfika kidevuni.

"Hayupo," akasema. "Nilidhani yumo ndani ya hii, kumbe hayupo." Akainuka, akajifunga kitambaa kichwani. "Twende kwa kasisi, mwanangu. Umeshinda."

Rozália hakuinuka. Mkono wake wa kuume ulikuwa gotini, haujashika kitu, na kifundo kilikuwa kinastuka: tatu, kimya, tatu, kimya. Akaufunika kwa aproni.

"Tangulia, mama," akasema. "Nakuja."